Kuivunja nambari kubwa hadi vigawo vyake tasa: mfano wa 616,616,616

Pakiti ya unga, sabuni au majani chai ya kampuni iliyosajiliwa Kenya hubeba msimbopau, ile mistari myeusi yenye tarakimu 13 chini yake, na tarakimu tatu za mwanzo huwa 616. Kiambishi hicho Kenya ilipewa na mfumo wa kimataifa wa GS1. Kinaonyesha kampuni imesajiliwa wapi, wala si lazima bidhaa iwe imetengenezwa hapo. Kiangalie kwenye duka lolote la Kondele mjini Kisumu au Section 58 pale Nakuru, utakikuta.

Ukiandika 616 mara tatu mfululizo unapata 616,616,616. Nambari hii ni kubwa vya kutosha kumchosha mtu anayegawanya ovyo. Lakini ina umbo, na mwenye kulisoma umbo hilo kabla ya kushika kikokotoo ataimaliza kazi ndani ya kipindi kimoja au viwili vya darasani. Hilo ndilo tunalotaka mwanafunzi wa sekondari, au mwalimu anayeendesha klabu ya hisabati, aondoke nalo: macho kwanza, vidole baadaye.

Maneno mawili tutayatumia kila mara. Kigawo cha nambari ni nambari nzima inayoigawanya bila baki. Nambari tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Kila nambari nzima inayozidi 1 huvunjika kuwa zao la nambari tasa kwa njia moja pekee, ukiacha mpangilio wa kuziandika. Ukishaupata mvunjo huo, sifa nyingine karibu zote zinafuata zenyewe.

Vifaa

Unahitaji daftari la miraba, kikokotoo cha kisayansi chenye kioo cha tarakimu 10, na orodha ya nambari tasa hadi 600. Usiinunue orodha hiyo. Itengeneze kwa chujio la Eratosthenes: andika 2 hadi 600, kisha ukate vizidishi vya 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23, ukiziacha hizo tisa zenyewe. Huna haja ya kuendelea, kwa sababu nambari tasa inayofuata ni 29 na 29 × 29 ni 841, imeshapita 600. Ukimaliza hesabu zilizobaki. Zinapaswa kuwa 109. Zikizidi, umesahau kukata mojawapo ya zile zinazofanana na nambari tasa. Wahalifu wa kawaida ni 91, 119, 133, 217, 247, 253, 299, 323, 391, 403, 437, 493, 527, 551 na 589.

Hatua ya 1: Soma umbo

Tarakimu zinajirudia katika makundi ya tatu tatu, kwa hiyo

616,616,616 = 616 × 1,000,000 + 616 × 1,000 + 616 = 616 × 1,001,001.

Tumeshaigawanya nambari ya tarakimu tisa kuwa zao la nambari mbili ndogo, na kikokotoo bado kimezimwa. Upande wa 616 ni mwepesi: 616 = 8 × 77 = 2³ × 7 × 11. Upande wa 1,001,001 una jumla ya tarakimu 3, kwa hiyo unagawanyika kwa 3, na jawabu ni 333,667.

Makosa mengi hapa huanzia kwenye kufananisha 1,001,001 na 1,001. Nambari ya tarakimu sita kama 616,616 ni 616 × 1,001, na 1,001 = 7 × 11 × 13. Ndiyo maana nambari yoyote ya muundo wa abcabc inagawanyika kwa 7, 11 na 13. Ukirudia kundi mara tatu, kizidishi kinakuwa 1,001,001, na hicho hakina 7, wala 11, wala 13. Kwetu 7 na 11 zimetoka kwenye 616 yenyewe.

Hatua ya 2: Thibitisha vigawo vidogo kwa njia ya pili

Hata kama umbo limekupa jibu, pitia majaribio ya kawaida. Ndiyo yatakayokuokoa siku utakapopewa nambari isiyo na umbo.

Kwa 2, angalia tarakimu za mwisho. Mbili za mwisho ni 16, inagawanyika kwa 4. Tatu za mwisho ni 616, na 616 ÷ 8 = 77 kamili. Nne za mwisho ni 6,616, na 6,616 ÷ 16 = 413.5, haikubali. Basi 2 inaingia mara tatu tu, na 616,616,616 ÷ 8 = 77,077,077.

Kwa 3, jumla ya tarakimu za nambari ya mwanzo ni 39. Inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, kwa hiyo 3 inaingia mara moja: 77,077,077 ÷ 3 = 25,692,359. Kwa 5, tarakimu ya mwisho si 0 wala 5, pita.

Kwa 7, 11 na 13 kuna jaribio moja linalozihudumia zote. Kata nambari makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. Linafanya kazi kwa sababu 1,000 imepungukiwa na 1 tu kufika 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Kwa 25,692,359 ni 359 − 692 + 25 = −308. Puuza alama ya hasi: 308 = 7 × 44 = 11 × 28, kwa hiyo 7 na 11 zote zinaingia. Ila 308 ÷ 13 inaacha baki 9, basi 13 haimo. Sasa 25,692,359 ÷ 7 = 3,670,337, na 3,670,337 ÷ 11 = 333,667.

Usisahau kuuliza kama 7 au 11 zinaingia tena. Kwa 333,667 ni 667 − 333 = 334. Ukigawanya 334 kwa 7 linabaki 5, kwa 11 linabaki 4, na kwa 13 linabaki 9. Hakuna inayorudi.

Jambo la kushika: kila ukipata kigawo, gawanya nambari papo hapo na uendelee na kilichobaki. Kipeuo cha pili cha 616,616,616 ni takriban 24,831.8. Anayeendelea kuigawanya nambari nzima bila kuipunguza atajiona anadaiwa nambari zote tasa hadi 24,831. Aliyepunguza amebaki na 333,667, ambayo kipeuo chake ni kidogo zaidi ya 577. Inatosha kwenda hadi 577, kwa maana nambari isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili.

Hatua ya 3: Je, 333,667 ni tasa?

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo wengi huchoka wakaandika "tasa" kwa kukisia.

Njia ya nguvu ni kujaribu nambari tasa zote hadi 577. Ziko 106. Inawezekana, lakini ni jasho jingi, na kila mgawanyo ni nafasi nyingine ya kukosea. Tafuta kwanza kama umbo litakupunguzia. Tazama:

333,667 × 3 = 1,001,001
1,001,001 × 999 = 999,999,999

Kwa hiyo 333,667 inaigawanya 999,999,999, yaani 10⁹ − 1. Chukua sasa nambari tasa yoyote inayoigawanya 333,667, uiite p. Nayo lazima iigawanye 999,999,999, maana yake ukigawanya 10⁹ kwa p baki ni 1.

Fuatilia mabaki ya 10, 100, 1,000 na kuendelea yanapogawanywa kwa p. Yatatembea, yatafika 1, kisha yataanza upya kwa mpangilio ule ule. Tuite urefu wa mzunguko huo m. Kwa kuwa hatua ya tisa inatua kwenye 1, m lazima iwe kigawo cha 9: ni 1, 3 au 9, hakuna nyingine.

Ikiwa m ni 1, p inaigawanya 9, basi p ni 3. Lakini jumla ya tarakimu za 333,667 ni 28, haigawanyiki kwa 3. Ikiwa m ni 3, p inaigawanya 999 = 27 × 37, basi p ni 3 au 37. Jaribu 37: 37 × 9,018 = 333,666, linabaki 1. Haimo. Basi m ni 9.

Kisha tunaleta kanuni ya mwanahisabati Mfaransa Fermat, aliyoitaja katika barua ya mwaka 1640: kwa nambari tasa p isiyogawanya 10, baki la 10 kwa kipeo cha p − 1 ni 1. Kwa hiyo mzunguko wa hatua 9 lazima uingie kamili ndani ya p − 1, yaani p − 1 inagawanyika kwa 9. Tena p ni witiri, hivyo p − 1 ni shufwa. Shufwa inayogawanyika kwa 9 inagawanyika kwa 18. Nambari zote tasa zinazoweza kuigawanya 333,667 ni zile zinazoacha baki 1 zikigawanywa kwa 18.

Andika 19, 37, 55, 73 na kuendelea kwa kuongeza 18 hadi 577, kisha ukate zisizo tasa. Zinabaki 17: 19, 37, 73, 109, 127, 163, 181, 199, 271, 307, 379, 397, 433, 487, 523, 541 na 577. Kutoka 106 hadi 17, na 37 tumeshaimaliza. Hizi nyingine 16 gawanya moja moja, uandike baki:

19 linabaki 8
73 linabaki 57
109 linabaki 18
127 linabaki 38
163 linabaki 6
181 linabaki 84
199 linabaki 143
271 linabaki 66
307 linabaki 265
379 linabaki 147
397 linabaki 187
433 linabaki 257
487 linabaki 72
523 linabaki 516
541 linabaki 411
577 linabaki 161

Hakuna sifuri. 333,667 ni tasa, na hilo sasa ni thibitisho kamili.

Andika mabaki, usiandike alama ya kosa peke yake. Baki likiwa sawa na kigawo au likikizidi, unajua papo hapo umeteleza. Namna ya kulipata kwenye kikokotoo: gawanya 333,667 kwa 523 upate 637.98…, chukua 637, zidisha 637 × 523 = 333,151, toa, linabaki 516. Hapa penye .98 ndipo mwenye haraka hukadiria kuwa 638 akatangaza kigawo. Zidisha uhakikishe: 638 × 523 = 333,674.

Anayesoma hisabati Maseno, Egerton au Masinde Muliro atakutana na hoja hii ya mizunguko ndani ya nadharia ya makundi, ikiwa imevaa nguo rasmi zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza ilivyo hapa.

Hatua ya 4: Kagua zao

Mvunjo wetu ni

616,616,616 = 2³ × 3 × 7 × 11 × 333,667.

Zidisha upya: 8 × 3 × 7 × 11 = 1,848, na 1,848 × 333,667 = 616,616,616. Ukiwa bila kikokotoo, kagua kwa mabaki. Kwa 9, jumla ya tarakimu za nambari kubwa ni 39, kisha 12, kisha 3. Upande wa vigawo ni 8, 3, 7, 2 kwa niaba ya 11, na 1 kwa niaba ya 333,667 (28, kisha 10, kisha 1). Zao lake ni 336, kisha 12, kisha 3. Yanakubaliana.

Ukaguzi wa 9 una tundu kubwa: hauoni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Aliyeandika 333,676 badala ya 333,667 atapita bila kukamatwa, kwa sababu jumla ya tarakimu ni ile ile. Ndiyo sababu tunapenda kuongeza ukaguzi wa 13, kwa jaribio la makundi ya tatu. Nambari kubwa: 616 − 616 + 616 = 616, kwa 13 linabaki 5. Upande wa vigawo: 1,848 inatoa 848 − 1 = 847, linabaki 2; na 333,667 inatoa 334, linabaki 9. Sasa 2 × 9 = 18, linabaki 5. Sawa. Ile 333,676 ingetoa 343, linabaki 5, na 2 × 5 = 10. Haikubaliani na 5, imenaswa.

Hatua ya 5: Vuna sifa

Idadi ya vigawo. Chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha: (3 + 1) × 2 × 2 × 2 × 2 = 64. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba nambari tasa isiyoandikiwa kipeo ina kipeo 1, nayo inachangia 2.

Vigawo hivyo 64 vinajipanga kwa namna ya kupendeza. Thelathini na viwili ni vigawo vya 1,848: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 8, 11, 12, 14, 21, 22, 24, 28, 33, 42, 44, 56, 66, 77, 84, 88, 132, 154, 168, 231, 264, 308, 462, 616, 924 na 1,848. Vingine 32 ni hivyo hivyo, kila kimoja kimezidishwa kwa 333,667. Kati ya 1,848 na 333,667 hakuna kigawo hata kimoja.

Jumla ya vigawo. Kwa 2³ ni 1 + 2 + 4 + 8 = 15. Kwa kila nambari tasa iliyobaki ongeza 1: 4, 8, 12 na 333,668. Zao la nne za mwanzo ni 15 × 4 × 8 × 12 = 5,760. Jumlisha ile orodha ya 32 hapo juu uone kama inatoa 5,760. Ikipungua, umeruka kigawo. Kisha 5,760 × 333,668 = 1,921,927,680. Ukitoa nambari yenyewe inabaki 1,305,311,064, zaidi ya mara mbili ya 616,616,616. Vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinaizidi kwa mbali, ilhali kwa nambari kamilifu kama 28 jumla hiyo hulingana sawasawa: 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28.

Nambari zisizoshirikiana nayo kigawo. Kuanzia 1 hadi 616,616,616, ngapi hazina kigawo cha pamoja nayo isipokuwa 1? Kwa 2³ tunapata 4, kwa 3 tunapata 2, kwa 7 tunapata 6, kwa 11 tunapata 10, na kwa 333,667 tunapata 333,666. Zao ni 480 × 333,666 = 160,159,680. Angalia ile 4: kwa 2³ ni 8 − 4. Anayeandika 2 − 1 = 1 kisha akasahau vipeo atapata robo ya jawabu.

Jumla ya miraba miwili. Je, kuna a na b nzima ambapo a² + b² = 616,616,616? Hakuna. Kanuni ni kwamba kila nambari tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 4 ni ruhusa, na kila inayoacha baki 3 ikigawanywa kwa 4 lazima iingie kwa kipeo cha shufwa. Hapa 3, 7, 11 na 333,667 zote zinaacha baki 3, na zote zina kipeo 1. Moja tu ingetosha kuizuia.

Desimali. Kwa kuwa 333,667 × 2,997 = 999,999,999, sehemu 1/333,667 ni 0.000002997 000002997…, mzunguko wa tarakimu 9. Kwa 1/7 mzunguko ni 6, kwa 1/11 ni 2, kwa 1/3 ni 1. Nambari ndogo zaidi inayogawanyika kwa zote hizo ni 18. Kwa hiyo 1/616,616,616 ina tarakimu tatu za mwanzo zisizo kwenye mzunguko, zinazoletwa na 2³, kisha tarakimu 18 zinazojirudia milele. Kikokotoo chako hakiwezi kukuonyesha hilo kamwe, ila mvunjo umekuonyesha.

Na hiyo 1,848 tuliyoipita haraka ina historia yake. Mwanahisabati Euler aliorodhesha nambari 65 zinazosaidia kutambua nambari tasa kubwa, na 1,848 ndiyo kubwa kuliko zote katika orodha hiyo. Kwa kuitumia alithibitisha kwamba 18,518,809 ni tasa, akianzia kwenye usawa huu: 197² + 1,848 × 100² = 18,518,809.

Nambari ikikosa umbo

Si kila nambari inajirudia. Ukiisha kuondoa vigawo vidogo na mabaki hayana umbo, jaribu njia ya Fermat kabla ya kuanza mgawanyo mrefu. Chukua 16,637. Kipeuo chake ni karibu 128.98, panda hadi 129. Sasa 129² = 16,641, toa 16,637 linabaki 4, ambalo ni mraba wa 2. Basi 16,637 = (129 − 2) × (129 + 2) = 127 × 131. Sekunde chache, wakati mgawanyo wa kawaida ungekupitisha kwenye nambari tasa 30 kabla ya kufika 127.

Njia hii inafaa pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiwa mbali, au nambari ikiwa tasa, itakupeleka mwendo mrefu bila faida. Jiwekee kikomo cha hatua kumi, kisha urudi kwenye orodha ya nambari tasa.

Kwenye kompyuta yenye Linux, amri factor 616616616 inajibu mara moja: 2 2 2 3 7 11 333667. Itumie kukagua. Kwenye lugha ya programu ya Python, pow(2, 333666, 333667), yaani baki la 2 kwa kipeo cha 333,666 likigawanywa kwa 333,667, inatoa 1, kama inavyotakiwa kwa nambari tasa. Lakini jawabu 1 peke yake si thibitisho: pow(2, 340, 341) pia inatoa 1, na 341 ni 11 × 31.

Mitego ya kioo

Kikokotoo cha tarakimu 10 kinaonyesha 1,921,927,680 kwa shida, imejaa pomoni. Ukipita hapo kinahamia kwenye vipeo vya 10 na tarakimu za mwisho hazionekani tena. Ukigawanya nambari ya tarakimu 15 kwa 7, jawabu lina tarakimu zaidi ya 10 kabla ya nukta, kwa hiyo huwezi kuona kama kuna desimali. Inaonekana imegawanyika, kumbe kioo kimeishiwa nafasi. Gawanya kwa mafungu: kata nambari vipande, beba baki kutoka kipande hadi kipande kama ulivyofundishwa shule ya msingi. Excel nayo hushika tarakimu 15 tu. Ukiandika nambari ya tarakimu 16 au zaidi, za mwisho hugeuzwa sifuri kimyakimya, na mvunjo utakaoutafuta utakuwa wa nambari nyingine.

Turudi kwenye rafu ya duka

Tarakimu ya 13 ya msimbopau ni ya ukaguzi. Jumlisha tarakimu za nafasi 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Jumlisha za nafasi 2, 4, 6, 8, 10 na 12, uzizidishe kwa 3. Unganisha, kisha weka tarakimu inayofikisha jumla kwenye kumi kamili. Kwa 616616616616 jumla ya kwanza ni 26, ya pili ni 26 × 3 = 78, zote 104. Tarakimu ya ukaguzi ni 6.

Kwa nini 3? Kwa sababu 3 na 10 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, hivyo kosa la tarakimu moja hunaswa daima. Lakini tarakimu mbili jirani zikibadilishana, jumla inasogea kwa mara mbili ya tofauti yao. Tofauti ikiwa 5, jumla inasogea kwa 10, na ukaguzi hauoni kitu. Sasa tazama kiambishi chetu: 6 na 1, tofauti ni 5. Mhudumu anayeandika kwa mkono 166 badala ya 616 atapita. Anayeandika 661 pia. Kwenye mashine ya kusoma mistari hilo halitokei, ila pale lebo inapokunjamana na mtu akalazimika kuchapa tarakimu mwenyewe, msimbo wa Kenya umebeba udhaifu huo kwenye tarakimu zake tatu za kwanza.

Mazoezi matatu

Chukua 254,254,254, kutoka kwenye msimbo wa simu wa nchi. Mvunjo ni 2 × 3 × 127 × 333,667. Ile nambari tasa imerudi, na itarudi kwa kila nambari ya muundo huu. Kigawo kikubwa cha pamoja kati yake na 616,616,616 kipate bila kuvunja chochote: 616 na 254 zinashirikiana 2 tu, kwa hiyo jawabu ni 2 × 1,001,001 = 2,002,002.

Misimbo ya posta ya Kisumu na Nakuru, 40100 na 20100: toa mara kwa mara kama Euclid. 40,100 − 20,100 = 20,000; 20,100 − 20,000 = 100; na 100 inaigawanya 20,000. Kigawo kikubwa cha pamoja ni 100.

La tatu ni gumu zaidi: 616,616,616,616. Kundi limerudiwa mara nne, kwa hiyo kizidishi ni 1,001,001,001 = 1,001 × 1,000,001, na 1,000,001 = 101 × 9,901. Safari hii, kwa nambari tasa p yoyote inayoigawanya 9,901, 10⁶ inaacha baki p − 1, hivyo mzunguko unaingia ndani ya 12 lakini hauingii ndani ya 6: ni 4 au 12. Mzunguko wa 4 ungeleta 101, nayo inaacha baki 3 kwenye 9,901. Basi ni 12, na nambari tasa za kujaribu hadi 99 ni zile tu zinazoacha baki 1 zikigawanywa kwa 12: 13, 37, 61, 73 na 97. Mabaki ni 8, 22, 19, 46 na 7. Kwa hiyo 9,901 ni tasa, mvunjo ni 2³ × 7² × 11² × 13 × 101 × 9,901, na vigawo vyake ni 4 × 3 × 3 × 2 × 2 × 2 = 288.